Maji ya Kunywa na Maji ya Mashine ya Figo

Mada kwa viongozi wa walei wa Tarime na Serengeti



Ndugu wapendwa, habari za maji machafu si ngeni kwetu. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara hadi mto Tigithe. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa lake la mabaki. Leo nawaomba tumfikirie mtu tunayemsahau: mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine.

Mtu mzima hunywa lita mbili hivi kwa siku. Damu ya mgonjwa huyu, katika saa nne za mashine, hupitishwa kando ya maji yapatayo lita 120, utando mwembamba tu ukivitenganisha. Na kwa kawaida huenda mara tatu kwa juma. Ndiyo maana maji yanayofaa kunywewa hayamfai mpaka yachujwe upya. Klorini, ambayo kwetu ni mlinzi, kwake huvunja chembe nyekundu za damu. Alumini humdhuru ubongo na mifupa, na kuchemsha (tusidanganyike) hakuiondoi.

Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazili, kituo kimoja kilitumia maji ya bwawa lililoota mwani wenye sumu, nayo hayakuwa yametibiwa vya kutosha. Wagonjwa wasiopungua 50 walikufa kwa kuharibika ini. Mwani wa jamii hiyo huota pia katika Ziwa Victoria. Sisemi kwamba maji yetu yote yana sumu. Nasema kwamba anayeyatia katika mashine hana budi kuyapima: klorini kabla ya kila zamu ya wagonjwa, bakteria walau kila mwezi, madini kwa ratiba ya maabara, na yote yaandikwe daftarini.

Mgonjwa wetu aliyeuza ng'ombe apate nauli ya kwenda Bugando, Mwanza, hana nguvu tena ya kuuliza habari za machujio. Kamati ya afya ya parokia imwulizie, kwa heshima, bila kumshuku muuguzi, ambaye huenda naye hajapewa vifaa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi, na ofisi ya umma yapaswa kujibu ndani ya siku 30. Mamlaka za maji nazo ziandikiwe, ili zikibadili dawa ya maji ziziarifu hospitali kwanza. Makatibu wa parokia waandae barua hizo mwezi huu.