Meno ya Vijana Yaliyopandana na Matibabu Yake



Meno ya mtoto yanapopandana, wazazi wengi hukimbilia kung’oa, hata jino la utotoni ambalo wakati wake haujafika. Pengo hilo huvamiwa na meno jirani, na jino la ukubwani huota pembeni.

Afikapo miaka 12 au 13, kijana apelekwe kwa daktari wa meno, Hospitali ya Magunga, achunguzwe. Kasoro ndogo huweza kurekebishwa kwa kifaa cha kuvaa na kuvua. Kubwa huhitaji nyaya zinazogandishwa menoni, kwa kawaida miezi 18 hadi 24, chini ya bingwa, kama walioko Muhimbili. Gharama na nauli si haba. Mzazi aulize yote kabla ya kuanza, kwani nyaya zisizofuatiliwa huficha uchafu na kuozesha meno. Zikitolewa, kijana huvaa kifaa cha kuyashikilia meno. Asipokivaa, huanza kurudi yalikokuwa.