Betri Mbili za Lori na Mshahara wa Dereva
Maneno tuliyowaambia madereva, utingo na mafundi wa malori ya chai, Silibwet



Leo hatukuja kuzungumza habari ya nyongeza. Tumekuja kuzungumza habari ya betri, lakini mtaona kwamba mwisho wake ni mshahara vile vile.

Malori mengi yanayobeba majani mabichi hutumia volti 24. Volti hizo hutoka katika betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo. Ile iliyoshika chesisi tuiite ya chini, na ile nyingine tuiite ya juu.

Lori la mwenzetu mmoja lilikataa kuwaka asubuhi ya baridi, na majani yakachelewa kiwandani. Betri ya chini ikabadilishwa. Baada ya miezi michache, ile mpya nayo ikafa. Mwenye kazi akasema dereva ni mzembe, akatwe mshahara. Sisi tuliomba jambo moja tu: tupime kwanza.

Lori likiwa limelala usiku kucha baada ya kuchajiwa, mita ilionyesha volti 24.8 kwa betri zote mbili. Mtu angesema si vibaya. Tukapima kila moja peke yake: ya juu 12.7, ya chini 12.1. Betri iliyojaa, ikipumzika, huonyesha kama 12.6 au 12.7. Ikionyesha 12.1 imebaki karibu nusu.

Tukawasha injini. Jumla ikawa 28.2, na hiyo ni sawa kabisa. Lakini ya juu ilikuwa 15.2 na ya chini 13.0. Moja inavimbiwa mpaka maji yake yanachemka, na mwenzake anakufa njaa!

Tukafuata waya. Redio na chaji ya simu, vyote vya volti 12, vilikuwa vimeungwa katika betri ya chini peke yake. Betri hiyo ilifanya kazi mbili ikalipwa moja. Alteneta huona jumla tu, haiwezi kujua nani ananyonywa. Na waya ule uliungwa kabla dereva huyo hajapewa lori.

Dawa yake ni kuondoa waya huo na kufunga kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12, kinacholishwa na betri zote mbili. Tena betri zibadilishwe zote mbili pamoja, za aina moja na umri mmoja.

Shikeni na haya mengine. Betri iliyochajiwa ikipumzika na kuonyesha kama 10.5, huenda seli moja imekufa, maana seli ni sita na kila moja ina volti 2.1 hivi. Betri zikiwa nzima lakini stata inavuta kwa unyonge, pima kati ya kichwa hasi cha betri na chesisi wakati stata inazunguka. Ukipata zaidi ya nusu volti, waya umelegea au umeshika kutu. Wala usivute sigara hapo: hewa itokayo kwenye betri hulipuka.

Sasa, ndugu, sheria. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 chamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, ikiwa mfanyakazi alikosa kwa kusudi. Waya ulioungwa vibaya na mtu mwingine si kosa lako la kusudi. Lakini usemapo hivyo mikono mitupu, nani atakusikia?

Kwa hiyo, kila mwezi pimeni betri moja moja, injini ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Andikeni tarehe na volti katika kitabu cha lori, na fundi atie sahihi. Ukiitwa ofisini, nenda na mwakilishi wa chama na kitabu hicho mkononi.

Jumla nzuri yaweza kuficha dhuluma. Tupime kila mmoja.

Umoja ni nguvu.