Profesa wa Umeme wa Jua

Ndugu wanakamati na wafadhili wetu, kabla hatujajadili paneli za zahanati, nimtaje Profesa Martin Green wa Australia. Alizaliwa Brisbane mwaka 1948, akapata shahada ya uzamivu Kanada, na mwaka 1974 akaanza utafiti wa seli za jua Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney. Mwaka 1985 kikundi chake kilitengeneza seli ya silikoni iliyogeuza asilimia 20 ya mwanga kuwa umeme. Mwanafunzi wake, Shi Zhengrong, alianzisha kiwanda cha Suntech nchini China mwaka 2001. Leo paneli zimeshuka bei sana. Kinachokufa mapema ni betri, na mama anayejifungua usiku hawezi kungoja harambee nyingine. Naomba basi kila parokia itenge kwanza fungu la betri, ndipo fundi apande juu ya paa.