Sukari, Barua na Rufani: Haki za Waliotumikia Jeshi la Marekani

(Maneno ya hotuba iliyotolewa kwa wazazi na jamaa baada ya ibada.)

 

Nimeombwa niseme juu ya malipo ya ulemavu ambayo serikali ya Marekani huwapa watu waliokuwa askari wake, hasa wale wenye ugonjwa wa sukari. Mtu atauliza, hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Watoto wetu walikwenda kule kusoma, na wengine wakaishia kuvaa magwanda. Mwenye kadi ya ukaazi anaruhusiwa kuandikishwa jeshini hata kabla hajawa raia. Tena kati ya mwaka 2009 na 2016 palikuwa na mpango wa kuandikisha hata wageni wasio na kadi hiyo, mradi wajue lugha fulani ambazo jeshi lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwamo. Sasa wengine wamekwisha kutoka jeshini. Wengine wamerudi nyumbani, na sukari wamerudi nayo.

Kwanza tuelewane juu ya hilo neno "ulemavu". Hapa kwetu ukisema mlemavu, watu wanafikiria magongo. Kwa Idara ya Wastaafu wa Jeshi ya kule, ulemavu ni ugonjwa au jeraha lolote lililotokana na utumishi, likapimwa kwa asilimia, kuanzia 0 mpaka 100. Kijana anaweza kuwa anatembea vizuri, anaendesha matatu yake, na bado ana haki ya kulipwa. Mwaka 2024 aliyepewa asilimia 10 alilipwa kama dola 171 kwa mwezi, wa asilimia 20 dola 338, na wa asilimia 100 asiye na familia dola 3,737. Fedha hizo hazikatwi kodi, na anayeishi nje ya Marekani hulipwa vilevile.

Sasa, kwa nini sukari? Hapa lazima turudi Vietnam.

Kuanzia 1962 mpaka 1971, jeshi la Marekani lilinyunyiza dawa za kuua miti na mimea juu ya misitu ya Vietnam ili maadui wakose pa kujificha. Ni zaidi ya lita milioni 70. Iliyotumika zaidi iliitwa Agent Orange, kwa sababu mapipa yake yalikuwa na mstari wa rangi ya machungwa. Ndani yake mlikuwa na sumu iitwayo dioksini. Askari waliporudi makwao wakaanza kuugua. Wakiomba msaada waliambiwa, leta ushahidi kwamba ni dawa hiyo. Sasa niambieni, mtu aliyepita msituni miaka 15 iliyopita atatoa wapi ushahidi wa hewa aliyoivuta? Mwaka 1984 kampuni zilizotengeneza dawa hizo zilikubali kutoa dola milioni 180 kumaliza kesi, lakini serikali yenyewe ilikuwa bado inavutana nao.

Mwaka 1991 ilipitishwa sheria iliyogeuza mambo. Wataalamu wapitie utafiti, na ugonjwa ukionekana unahusiana na dawa hizo, uandikwe katika orodha. Aliyekuwa Vietnam na ana ugonjwa ulio katika orodha hahitaji tena kuthibitisha chanzo. Sheria inachukulia tu kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2000 wataalamu wakasema kuna dalili, ingawa si nyingi, kwamba sumu ile inahusiana na sukari ya aina ya pili, ile inayowapata watu wazima. Mwaka 2001 ikaingia katika orodha. Hesabu wenyewe: tangu kunyunyiza kulipokoma mpaka sukari kukubaliwa ni miaka 30. Wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Orodha hiyo imepanuliwa mara kadhaa. Mwaka 2019 mahakama na bunge waliwaingiza mabaharia waliokuwa melini karibu na pwani ya Vietnam. Sheria ya Agosti 2022 ikaongeza waliotumika Thailand, Guam na mahali pengine, na ikaongeza ugonjwa wa presha.

Hapa nataka msikilize vizuri, kwa maana ndipo vijana wetu wanapopotea. Sheria hiyo ya 2022 ilitaja pia moshi wa mashimo ya kuchomea takataka kule Iraq na Afghanistan, na magonjwa mengi ya kifua na saratani yakaorodheshwa. Sukari haimo katika orodha ya moshi. Kijana aliyekuwa Iraq akiandika tu "nina sukari, nilikuwa karibu na moshi", kuna hatari kubwa atajibiwa hapana. Halafu anakunja barua, anaiweka chini ya godoro, hamwambii hata mama yake. Na saa inahesabu.

Basi afanyeje? Ziko njia. Kama sukari ilionekana akiwa bado jeshini, iwe ya aina ya kwanza au ya pili, atafute rekodi za hospitali ya jeshi. Kama ilijitokeza kwa kiasi cha kutosha ndani ya mwaka mmoja tangu kutoka jeshini, sheria inaichukulia kuwa ilianza kazini. Kwa hiyo akienda kliniki yoyote katika mwaka ule wa kwanza, hata hapa kwetu, karatasi ya kipimo isitupwe. Wazee wetu waliopigana Burma na KAR wanaijua thamani ya karatasi. Aliyekuwa nayo alisikilizwa kidogo, asiyekuwa nayo hakusikilizwa kabisa.

Njia ya tatu ni ndefu, ni kama kutunga shanga. Tuseme kijana aliumia goti jeshini, na jambo hilo limekwisha kukubaliwa. Goti likamzuia kutembea, akanenepa sana, na unene ukaleta sukari. Idara yenyewe ilikubali mwaka 2017 kwamba unene, ingawa haulipwi peke yake, unaweza kuwa shanga ya katikati. Lakini daktari lazima aandike juu ya kila shanga: goti lilisababisha unene, na bila unene huo sukari isingekuja. Wala hahitaji kuapa kwamba ana hakika. Kipimo chao ni kwamba yawezekana kwa nusu au zaidi. Mizani ikilingana sawasawa, sheria inasema aliyekuwa askari apewe. Madaktari wetu wengi hawajui hilo. Wanaandika "huenda" au "inawezekana", na neno hilo dogo linaangusha dai zima. Mwambie daktari kipimo ni kipi, halafu umwache aandike anachoamini.

Juu ya asilimia. Sukari inayodhibitiwa kwa chakula peke yake ni 10. Akitumia vidonge au insulini pamoja na kuchagua chakula, 20. Kufika 40 lazima awe anatumia insulini, anachagua chakula, na daktari amemkataza kazi ngumu na michezo mizito kwa ajili ya sukari. Mimi naona kifungu hiki ni cha ajabu. Kliniki tunaambiwa tutembee, tulime, tufanye mazoezi, na huku sheria inamlipa zaidi aliyekatazwa. Lakini ndivyo ilivyo, na asiye na maneno ya daktari kwenye faili habandiki mguu kwenye 40. Tafadhali msimwombe daktari aandike uongo. Ni kosa la jinai, tena mtu aache mazoezi kwa ajili ya dola atajiua mwenyewe.

Afadhali mtazame yale yanayozaliwa na sukari. Ganzi ya miguu, figo, macho, hata nguvu za kiume, jambo ambalo wanaume hawapendi kulitaja ofisini. Kila moja linaweza kudaiwa na kupimwa mbali. Ila hesabu yao si ya sokoni. Figo 60 na sukari 20 hazifanyi 80. Wanachukua 60 kwanza, kisha asilimia 20 ya zile 40 zilizobaki, ambayo ni 8. Inakuwa 68, nao wanaifanya 70. Na akifika 30 kwa jumla, mke na watoto wanaongezewa kitu. Hata mzazi anayemtegemea anaweza kuongezwa, nyinyi mlioketi hapo mbele.

Sasa barua ya kukataliwa ikija. Tangu Februari 2019 ana njia tatu, na ana mwaka mmoja kuanzia tarehe ya barua. Kama kuna ushahidi mpya, mfano barua ya daktari iliyokosekana, arudishe dai lenye nyongeza. Kama ushahidi ulikuwapo lakini ulisomwa vibaya, aombe mkubwa wa ofisi alitazame upya, lakini hapo hakubaliwi kuongeza hata ukurasa mmoja. Watu wengi wanaichagua njia hii kwa hasira, halafu wanashangaa barua ya daktari haikusomwa. Njia ya tatu ni Bodi ya Rufani, ambapo jaji huamua kwa kusoma faili, au akapokea ushahidi, au akamsikiliza mtu mwenyewe. Hiyo huchukua muda mrefu. Bodi ikikataa, iko mahakama huko Washington, na muda wa kufika huko ni siku 120. Mahakama hiyo ilianzishwa kwa sheria ya 1988. Kabla ya hapo ofisi ikisema hapana, karibu hakuna pa kwenda.

Mwaka mmoja una maana gani? Ukirudi ndani ya mwaka, tarehe yako ya kwanza inalindwa, na ukishinda unalipwa kuanzia huko nyuma. Ukichelewa bado unaweza kuleta ushahidi mpya, lakini malipo yanaanza upya na miaka ya nyuma imekwenda. Vilevile yule ambaye hajaanza kabisa anaweza kutuma taarifa kwamba ana nia ya kudai. Inamshikia tarehe kwa mwaka mzima akitafuta karatasi.

Wako madalali, hata kwa simu, wanaosema "lipa kwanza nikujazie fomu". Sheria hairuhusu mtu kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza. Vyama vya askari wastaafu vya Marekani husaidia bure kupitia watu waliosajiliwa na Idara. Wakili aliyesajiliwa anaweza kulipwa baada ya uamuzi wa kwanza kutolewa.

Ugonjwa ukikubaliwa, upo pia mpango wa Idara unaolipia matibabu ya ugonjwa huo nje ya Marekani, hata katika hospitali za hapa Kenya. Risiti na maelezo ya daktari viwekwe pamoja.

Kabla hatujaanza, mama mmoja aliniuliza pembeni: kama mume amekwisha kufa, je? Mjane anaweza kudai malipo yake mwenyewe kama kifo kilitokana na ugonjwa uliotokana na utumishi, au ugonjwa huo ulichangia. Shida ni cheti cha kifo. Hospitali huandika "figo zimeshindwa kufanya kazi" na kuishia hapo, hawataji sukari iliyoziua hizo figo. Kama ni kweli sukari ilichangia, mwombeni daktari aiandike kabla cheti hakijatoka. Kama kilitoka bila hiyo, daktari aliyemtibu anaweza kuandika barua ya maelezo. Kisha kuna cheti cha ndoa. Waliooana kimila bila kuandikisha watafute mashahidi na barua ya chifu mapema, wakati wazee waliokula ile mahari bado wako hai.