Ajiuzulu au akatae? Maneno yangu kwa vijana kuhusu askari na amri haramu

Ndugu zangu vijana, makamanda. Tunaitana makamanda humu ndani na hakuna hata mmoja wetu mwenye bunduki, kwa hiyo leo acheni tuwazungumzie makamanda wenyewe, wale wenye bunduki.

Swali nililopewa ni moja na sitalizunguka. Afisa wa jeshi akipewa amri ambayo anajua kabisa ni kinyume cha sheria, afanye nini? Ajiuzulu, avue gwanda aende zake nyumbani? Au abaki pale pale alipo aseme hapana?

Najua kwa nini mnauliza. Tangu Oktoba 29, 2025 hakuna kikao cha vijana kinachoisha bila swali hili. Siku ile ya uchaguzi wanajeshi walionekana barabarani Dar es Salaam, tukatangaziwa kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni, intaneti ikazimwa, watu wakauawa. Idadi yao sisi na serikali tunabishana. Nani alifyatua risasi ipi na kwa amri ya nani, hilo linataka uchunguzi ulio huru kweli kweli, na sitasimama hapa kumtaja mtu bila ushahidi.

Ila msimamo wangu nausema mapema ili msije mkasema nimewazungusha. Mimi naamini akatae, asijiuzulu. Na kumtaka akatae si sawa na kumtaka apindue. Haya mambo mawili tunayachanganya sana, hasa usiku usiku kwenye magrupu, mtu akishakasirika.

Hebu niwapeleke mbali kidogo. Tarehe hiyo hiyo, Oktoba 29, lakini mwaka 1956, na nchi ni Israel. Siku hiyo Israel ilikuwa inaingia vitani na Misri. Kwenye vijiji vya Waarabu walio raia wa Israel, karibu na mpaka wa Jordan, ikatangazwa marufuku ya kutoka nje kuanzia saa 11 jioni. Meja wa Polisi wa Mpakani akawaambia maafisa wake kwamba atakayekutwa nje baada ya muda huo apigwe risasi. Wakamuuliza: je, wale walioko shambani na kazini, ambao hata hawajui kama kuna marufuku? Jibu walilopata lilikuwa maneno ya kumwombea marehemu rehema.

Kijiji kimoja kinaitwa Kafr Qasim. Mzee wa kijiji alipewa taarifa yapata nusu saa tu kabla ya muda kuanza. Vibarua na wakulima wakawa wanarudi nyumbani, wengine kwa baiskeli, wengine kwenye malori, wakashushwa na kupigwa risasi kwenye njia ya kuingilia kijijini kwao. Waliouawa walikaribia 50, wakiwemo wanawake na watoto.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Amri ile haikutolewa kwa ajili ya Kafr Qasim peke yake. Meja yule yule, siku ile ile, aliwapa amri ile ile maafisa waliopangwa vijiji vingine vya jirani. Na kwenye vijiji vingine maafisa hawakuitekeleza. Watu walichelewa, wakaachwa waingie majumbani kwao, wakalala, asubuhi wakaamka. Tofauti kati ya kijiji kilichozika na kijiji ambacho hakikuzika ni afisa mdogo mmoja na uamuzi wake wa saa 11 jioni.

Niambieni, afisa yule kujiuzulu kungemsaidia nani? Barua angeiandika saa ngapi, ampe nani? Angeondoka, nafasi yake angepewa mwingine, na huyo mwingine pengine angefyatua.

Kesi ikaenda mahakamani. Mwaka 1958 Jaji Benjamin Halevy akasema kuna amri ambazo uharamu wake uko wazi kama bendera nyeusi inayopepea juu yake, na amri ya namna hiyo askari hana ruhusa kuitii. Meja alifungwa miaka 17. Msifurahi haraka: adhabu zilipunguzwa, na kufika mwaka 1960 wote walikuwa wameachiwa. Mkuu wao wa juu, kanali, aliishia kupigwa faini ya senti. Haki ilikuwa kiduchu. Lakini ile hukumu imebaki.

Wapo watakaosema, sawa, huyo ni luteni kijijini. Vipi majenerali? Basi twende Chile.

Mwaka 1970 Salvador Allende aliongoza katika uchaguzi wa rais. Wako wakubwa waliotaka jeshi lizuie asiapishwe. Mkuu wa jeshi, Jenerali René Schneider, akagoma. Msimamo wake ulikuwa mfupi tu: jeshi linafuata katiba, rais anachaguliwa na wenye haki ya kumchagua. Oktoba 22 walijaribu kumteka, wakampiga risasi, akafa siku tatu baadaye. Allende aliapishwa.

Aliyemfuata, Jenerali Carlos Prats, alikuwa mtu wa msimamo huo huo. Juni 1973 kikosi kimoja kilipoingiza vifaru mjini Santiago, Prats alikwenda mwenyewe barabarani kukizima. Si mwoga huyo. Lakini Agosti wake wa maafisa waliandamana nje ya nyumba yake, majenerali wenzake wakakataa kumuunga mkono, akaona heshima ni kuondoka. Alijiuzulu Agosti 23. Na aliyempendekeza kushika nafasi yake, akiamini ni mtiifu kwa katiba, alikuwa Augusto Pinochet.

Hesabuni siku. Agosti 23 hadi Septemba 11 ni siku 19. Siku ya 19 Pinochet na wenzake walipindua nchi, na udikteta ule ukadumu karibu miaka 17. Prats mwenyewe aliuawa Buenos Aires mwaka uliofuata, yeye na mkewe, kwa bomu lililotegwa kwenye gari lao.

Simlaumu Prats. Mimi na wewe tungeweza kuchoka mapema zaidi yake. Lakini mtu mwema anapoondoka kwenye kiti, kiti hakiondoki naye. Kinabaki, na bunduki zinabaki.

Kuna mtu tayari ananiangalia kwa jicho la “mbona unatupa upande mmoja tu”. Haya. Mei 1989 huko China, Meja Jenerali Xu Qinxian, mkuu wa Jeshi la 38, aliitwa apokee amri ya kuingiza askari wake Beijing dhidi ya wanafunzi waliokuwa wanaandamana. Akakataa kuwaongoza. Alifukuzwa chama, akafungwa miaka 5. Na jeshi lake? Liliingia Beijing bila yeye, chini ya wengine, na usiku wa Juni 3 kuamkia Juni 4 watu wengi waliuawa. Kwa hiyo nisiwadanganye kwamba mkubwa mmoja akikataa damu haimwagiki. Kadiri unavyopanda juu, ndivyo ilivyo rahisi kukubadilisha na mwingine. Anayeweza kuizuia kweli kweli ni yule wa chini, aliye karibu na kitufe: luteni, sajenti, koplo. Na akiwa peke yake haitoshi, lazima wawe wengi.

Tuje kwetu. Katiba yetu, Ibara ya 14, inatambua haki ya kila mtu kuishi. Ibara ya 26 inamtaka kila mtu kuitii Katiba na sheria za nchi. Haijasema kila mtu isipokuwa afande. Ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, chochote kile, kiwe chao au chetu. Na sheria ya ulinzi inapozungumzia kosa la ukaidi, inazungumzia kukaidi amri halali. Hilo neno “halali” halikuwekwa pale kama urembo. Tena Tanzania iliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002, na Ibara ya 33 ya mkataba ule inasema kwamba “niliamriwa” haimwokoi mtu pale amri inapokuwa haramu waziwazi, na amri ya kutenda uhalifu dhidi ya binadamu inahesabiwa hivyo moja kwa moja.

Shida ni kwamba haya yote askari inabidi ayaunganishe mwenyewe, kichwani, huku afande anapiga kelele. Wenzetu wa Afrika Kusini wamemrahisishia. Katiba yao ya 1996, kifungu cha 199, inasema wazi kwamba mwanausalama haruhusiwi kutii amri ambayo uharamu wake ni dhahiri. Sentensi moja. Katiba yetu ya 1977 haina sentensi hiyo, na sijui kwa nini tunapodai Katiba Mpya tunataja tume ya uchaguzi mara mia na hili hatulitaji hata mara moja.

Nina mdogo wangu jeshini. Sitasema yuko kikosi gani. Wengi wenu hapa mna kaka, dada, mjomba, na wengine mmepita JKT, mnajua kuruta anafundishwa nini wiki ya kwanza: ukiitwa, “ndiyo afande”, halafu ndiyo ufikirie. Mdogo wangu ana watoto wawili na mkopo wa nyumba. Mnapoandika kwamba askari wote wajiuzulu kesho, mnamwandikia yeye. Na mwanajeshi si karani wa duka. Hawezi kuacha barua mezani Jumatatu na Jumanne yuko kijiweni. Bila kuruhusiwa, akiondoka ni mtoro, anatafutwa na kushtakiwa. Mnamtaka apate adhabu hiyo halafu bunduki yake apewe nani?

Sisemi kujiuzulu hakuna mahali pake. Afisa aliye ofisini, asiyekubaliana na sera mbovu lakini iliyo ndani ya sheria, huyo aombe kuondoka aseme alilonalo. Sera mbovu haina bendera nyeusi. Kumpiga risasi mtu anayekimbia inayo.

La mwisho, na hili najua wengine hamtalipenda. Kila ikitokea purukushani lazima atokee mtu kuandika “jeshi lichukue nchi”. Jamani. Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles pale Colito, ambapo leo ni Lugalo, waliasi. Walikuwa na hoja, mishahara na maafisa wa Kiingereza. Lakini hakuna aliyekuwa amewaamuru waue raia. Waligeuza bunduki kudai ya kwao, mji ukaporwa, watu wakafa, na Mwalimu akalazimika kuwaita Waingereza walewale tuliotoka kuwaaga. Na Sudan, Aprili 2019, vijana walilala nje ya makao makuu ya jeshi Khartoum wakiamini jeshi ni lao. Bashir akaondolewa kweli. Juni 3, pale pale walipolala, wakauawa.

Anayekataa amri haramu anashusha bunduki yake. Hamgeuzii mtu, na hanyang'anyi mtu kiti.

Kwa hiyo ninachowaomba ni kidogo sana. Ukiwa na ndugu jeshini, zungumza naye nyumbani, ana kwa ana, si kwa simu. Mwambie akipewa amri ya ajabu aombe irudiwe, mbele ya wenzake, na ikiwezekana kwa maandishi. Amri nyingi haramu hufa hapo hapo, maana anayeitoa hataki kuiandika. Usimshawishi ajirekodi video. Na akikutumia sauti, usiisambaze ili upate likes, utamfunga.

Haya, maswali. Naona mikono mingi. Tuanze na dada pale nyuma, halafu huyu kaka aliyekuwa anatikisa kichwa tangu nilipotaja Colito.