Hela: Jina la Ukoo na Sarafu



Jina la ukoo Heller, analojulikana kwalo mwandishi Mmarekani Joseph Heller, kwa baadhi ya koo lilimaanisha mtu wa mji wa Hall, Ujerumani. Kwa nyingine lilikuwa lakabu itokanayo na sarafu. Sarafu nayo ilipewa jina la mji huohuo, ilikotengenezwa.

Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliigawa rupia katika heller 100, badala ya pesa 64. Reli ya Kati ikafika hapa Dodoma mwaka 1910. Mwaka 1916, katikati ya vita, heller za shaba zilitengenezwa Tabora kwenyewe. Mjerumani hutamka -er ya mwisho karibu na -a, hivyo "hela" si matamshi yaliyoharibiwa, bali ni sikio sikivu.

Ajabu iko kwenye maana. Kwa Wajerumani heller ni kitu duni kabisa. Kwetu hela ni fedha yoyote, hata mamilioni. Wanaolifuta neno hili katika insha za wanafunzi, wakiliita la mitaani, sikubaliani nao. Kenya, ambako heller haikuwa sarafu ya nchi, wengi wamebaki na "pesa".