Uso na Moyo: Dominika ya 4 ya Kwaresima, Mwaka A



Masomo ya Dominika hii yote yanahusu macho. Katika somo la kwanza, nabii Samweli anakwenda Bethlehemu, nyumbani kwa mzee Yese, kumtafuta mfalme mpya. Anapomwona Eliabu, kijana mrefu mwenye umbo la kupendeza, anadhani kazi imekwisha. Mungu anamzuia na kumfundisha kwamba binadamu huishia kwenye sura, lakini Yeye huuona moyo. Katika Injili, Bwana wetu anafanya tope kwa mate, anampaka machoni mtu aliyezaliwa kipofu, anamtuma akanawe katika birika la Siloamu, naye anarudi anaona. Na Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso, anatuhimiza tuenende kama watoto wa nuru.

Leo tunapenda kuyatafakari masomo hayo tukiwa na barua moja mkononi. Imetoka Lugoba, na jina la mwandishi hatutalitaja. Ni mama mjane, mwenye umri wa miaka 48. Anauza chai, chapati na wali kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, na wateja wake wengi ni madereva wa malori yanayobeba kokoto. Kwa miaka mingi ameamka saa tisa usiku kuwasha moto. Anaeleza kwamba chini ya macho yake pameingia ndani kama vibonde, na pembeni pamejaa mikunjo. Wateja humwuliza anaumwa nini. Wengine hawaulizi, bali huhamia meza ya jirani. Binti yake, mfanyakazi wa Dar es Salaam, amejitolea kumlipia sindano za kujaza vibonde hivyo. Jirani yake naye amemletea krimu isiyo na maandishi ya kueleweka, akisema itamaliza kazi kwa bei ndogo. Na katika jumuiya ndogo ndogo yake, mwenzake mmoja amemwambia kuwa kuusahihisha uso aliopewa na Mungu ni dhambi. Anauliza: “Padre, nifanye nini?”

Ndugu wapendwa, pengine baadhi yetu tumetabasamu. Tusifanye hivyo. Katika nchi yetu, tangu miaka ile ya 1980 na 1990 UKIMWI ulipotuvunia ndugu zetu, watu wamezoea kusoma ugonjwa katika macho yaliyoingia ndani. Uso uliochoka hugeuzwa kuwa cheti cha daktari, na hukumu hutolewa papo hapo bila kipimo. Kwa mama anayeuza chakula, minong'ono ya namna hiyo ni sufuria lililobaki na wali jioni. Swali lake, basi, linagusa mkate wa watoto wake, na linastahili jibu la heshima.

Tuanze na lile neno “dhambi”. Je, kuutengeneza uso ni dhambi kwa asili yake? Maandiko Matakatifu hayasemi hivyo. Somo lile lile linalotuambia kwamba Mungu hatazami sura halioni haya kututajia kwamba Daudi alikuwa na macho mazuri. Esta aliandaliwa kwa miezi 12, sita kwa mafuta ya manemane na sita kwa manukato, kabla ya kuingia kwa mfalme, na uzuri wake Mungu aliutumia kuwaokoa watu wake. Yudithi alivua nguo za ujane, akajipaka marashi na kujipamba, akaenda kuukomboa mji wake. Ni kweli kwamba Yezabeli naye alipaka macho yake wanja, lakini kilichomponza ni damu ya Nabothi aliyeuawa kwa hila zake. Na Jumatano ya Majivu tulimsikia Bwana mwenyewe akitutaka tunapofunga tunawe uso na kujipaka mafuta kichwani, wala tusionyeshe watu nyuso zilizokunjamana.

Mapokeo ya Kanisa yanafuata njia hiyo hiyo. Mtakatifu Thoma wa Akwino alitofautisha kati ya kughushi uzuri ambao mtu hana na kuficha kasoro iliyoletwa na ugonjwa au sababu nyingine. Na tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano tu kabla ya kufariki kwake, Baba Mtakatifu Pio XII alizungumza na madaktari wa Italia wanaofanya upasuaji wa kurekebisha maumbile. Aliwafundisha kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, ingawa si jema kuliko yote, na kwamba tiba ya namna hiyo haiwi mbaya kwa yenyewe. Huwa mbaya mtu akiitafuta ili kuwanasa wengine, ili kuikimbia sheria, kwa majivuno matupu, au kwa kuudhuru mwili. Lakini aliongeza kwamba kasoro ya mwili ikimvuruga mtu rohoni, au ikimzuia katika jamaa, katika jamii na katika kazi yake, sababu hiyo yaweza kuwa halali.

Nasi watu wa pwani, tusijifanye wageni wa mambo haya. Wanja, hina na liwa vilikuwapo kabla ya bibi zetu. Wakwere na Wazaramo wanamjua mwali anayewekwa ndani na kutunzwa, hata siku ya kutolewa akang'aa mbele ya ukoo mzima. Kwa hiyo, mama mpendwa, yule mwenzako wa jumuiya alikuwa na nia njema, lakini alikutwika mzigo ambao Kanisa halikukutwika.

Hata hivyo, kisicho dhambi si lazima kiwe busara. Hapa hapana budi kujiuliza maswali manne, na kwa utaratibu.

Swali la kwanza: uso huu unasema nini kuhusu afya? Ngozi ya chini ya macho ni nyembamba kuliko karibu ngozi yote ya mwili. Umri unapoendelea, mafuta yaliyo chini yake hupungua au hushuka, na nyuzi zinazoishikilia ngozi hulegea. Jua, moshi wa kuni, sigara na usingizi haba huongeza mikunjo. Wengine wamerithi tu kwa wazazi wao. Lakini upungufu wa damu huweza kuufanya uso upauke na kivuli cha macho kizidi. Na uvimbe wa kope za asubuhi huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa figo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo, kabla ya sindano ya Dar es Salaam, nenda kituo cha afya, upimwe damu, mkojo na shinikizo. Ikiwa shida ni damu, hakuna sindano ya urembo itakayoitibu.

Na ile krimu ya jirani, tunakuomba uiweke chini leo hii. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zilizozagaa katika masoko yetu zimekutwa na zebaki au haidrokwinoni, na wengine huchanganya kadhaa pamoja, ule tuuitao mkorogo. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kuharibu figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa wa figo waliowatibu, nao walikuta kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Tazama kejeli hiyo: mtu anapaka krimu ili macho yapendeze, figo zinaharibika, na macho yanavimba! Ndiyo maana Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, umeazimia kuiondoa kabisa zebaki katika vipodozi. Cha rahisi hapa ni ghali mno.

Swali la pili: ndani ya sindano mna nini, na nani anaishika? Sindano za kujaza kwa kawaida hutumia jeli ya asidi ya hialuroniki. Haidumu milele; baada ya miezi kadhaa, au mwaka na zaidi, mwili huimeza. Daktari anaweza pia kuiyeyusha kwa dawa ikiwa imekaa vibaya. Lakini kuna wanaochoma silikoni au vitu vingine visivyoondoka, navyo vikiharibu vimeharibu. Sindano nyingine, ya botulini, hulegeza misuli inayokunja ngozi pembeni mwa macho, nayo hudumu kama miezi mitatu au minne, haijazi vibonde. Hata jeli iliyo nzuri huweza kuleta uvimbe au rangi ya kibuluu chini ya macho. Na kuna hatari moja ambayo ni nadra lakini ni nzito: jeli ikiingia ndani ya mshipa wa damu, yaweza kuziba njia ya damu iendayo kwenye jicho, na mtu akapofuka, mara nyingi bila kupona. Katika Injili ya leo mtu amepakwa tope machoni akapata kuona. Ingekuwa huzuni kubwa kama mmoja wetu angechomwa sindano ili atazamwe vizuri, kisha yeye mwenyewe asione tena.

Kwa hiyo, kazi hii si ya saluni, wala ya mtu anayepita nyumba kwa nyumba na mkoba. Ni ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na kufunzwa hasa kazi hiyo. Usione haya kumwuliza: dawa hii inaitwaje, umewahi kuifanya mara ngapi, na likitokea la kutokea utafanya nini? Daktari mwema hujibu. Akikasirika, inuka uondoke.

Swali la tatu: fedha. Binti yako anakupenda, nasi tunamsifu kwa kumkumbuka mama yake. Lakini sindano inayoyeyuka hudai irudiwe. Zawadi ya mara moja hugeuka kuwa ada ya kila mwaka. Kaeni chini, wewe na binti yako, mpige hesabu pamoja bila kuoneana haya. Kama katika nyumba hiyo kuna mdogo wake anayesubiri ada ya chuo, au deni la kikundi cha kukopeshana, basi uso hauna haki ya kula kwanza. Na pengine fedha hiyo hiyo ingelipa msichana wa kukusaidia kuwasha moto alfajiri, au jiko lisilo na moshi na turubai la kivuli. Vitu hivyo navyo ni dawa ya macho: vinakupa usingizi, vinakuepusha na moshi na jua.

Swali la nne ni la moyo, na ndilo ambalo daktari hawezi kulijibu: uso huu mpya unaombwa na nani? Mwaka 1811, Mwingereza mmoja, Kapteni Smee, alifika Unguja na kuandika jinsi watumwa walivyoandaliwa kwa mnada: ngozi zao zilisafishwa na kung'arishwa kwa mafuta ya nazi, na nyuso zao zikapakwa mistari ya rangi nyekundu na nyeupe. Uso ulipambwa ili mwenyewe auzwe. Na ni Bagamoyo, katika pwani yetu hii, ambapo mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni, wakawapokea waliokombolewa. Kwa hiyo sisi wa pwani hii tuna sababu ya pekee ya kuuliza swali hilo. Unajipamba kama mtu huru anayefurahia kuwa mzima, au unajipamba kama bidhaa inayoogopa kubaki sokoni? Mkono unaopaka mafuta unaweza kuwa ule ule. Tofauti iko moyoni, mahali anapotazama Mungu.

Hatutakuambia, mama, kwamba mikunjo yako ni nishani, hivyo uitunze. Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu asiyehesabu wateja wanaoondoka. Tunakuambia tu kwamba Mungu anazijua saa tisa zako zote za usiku, na thamani yako mbele zake haiongezeki kwa sindano wala haipungui kwa kuikataa. Ukiwa umelishika hilo, basi amua. Pima afya kwanza, itupe krimu, mwone daktari wa kweli, pigeni hesabu, sali. Ukiona baada ya hayo yote kwamba yafaa kufanya, fanya kwa dhamiri safi. Ukiona haifai, acha kwa amani, wala usijione umeshindwa.

Lakini, ndugu wapendwa, barua hii haikuandikwa kwa ajili ya mama mmoja tu. Inatuuliza sisi tunaohamia meza ya jirani. Majirani wa yule kipofu, alipokwisha kupona, walibishana kama ndiye au anafanana naye, kwa maana walizoea kumwona ombaomba, hawakuwahi kumwona mtu. Mafarisayo walikuwa na macho mazima, lakini nuru iliwapita. Nasi je? Waume tunaowalinganisha wake zetu na picha za magazeti na simu, vijana tunaomwita mtu “bibi” kwa dhihaka, wateja tunaopima chakula kwa uso wa mpishi: tope la Siloamu ni letu. Kwaresima hii, kafara moja njema yaweza kuwa hii: kumwuliza mwenzetu aliyechoka, “Nikusaidie nini?”, badala ya “Mbona umekwisha hivyo?”

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, nuru ya ulimwengu, utuponye macho yetu, ili tuwaone ndugu zetu kama Wewe unavyowaona. Uwape hekima wote wanaotafuta ushauri juu ya miili yao, uwalinde na wadanganyifu, na uwajalie kujua kwamba wanapendwa. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.